Majina Tisa Niliyoyafuta Jiweni

Nianze kwa kueleza ninachokijua na jinsi nilivyokijua. Mambo nitakayoyasimulia niliyaona kwa macho yangu, au niliyaandika kwa mkono wangu, au niliambiwa na mhusika mwenyewe tukiwa tumetazamana. Mengine yaliyosemwa juu ya jiwe lile, nayo ni mengi, nimeyaacha yalipookotwa. Majina ya watu sitayataja. Msomaji atakayenivumilia ataona kwamba si kwa kusahau.

Kati ya Ruiru na Thika, juu ya mashamba ya kahawa, kuna mgongo mwembamba wa ardhi uliobanwa na mito miwili midogo. Mvua ya masika ilipokuwa kubwa, mito hiyo ilikuwa ikiyachukua madaraja yote mawili ya magogo, na watu wa mgongo ule wakakaa wiki mbili au tatu bila kufikika. Kwa sababu hiyo watu wa Ruiru waliwaita watu wa kisiwani. "Na mtumbwi mmeuacha wapi leo?" waliulizwa kila walipofika sokoni na magunia yao ya viazi. Katika miaka ya hali ya hatari, serikali ilizibomoa nyumba zilizotawanyika, ikawakusanya watu wote katika kijiji kimoja, ikawachimbisha handaki kukizunguka, na ndani ya handaki wakapanda mianzi iliyochongwa ncha. Lango lilikuwa moja. Tangu hapo kikawa kisiwa hata wakati wa kiangazi.

Niliwekwa pale kuwa mwalimu nikiwa na umri wa miaka ishirini na saba. Nilizaliwa mbali, upande wa Murang'a, wala sikuwa na jamaa hata mmoja kijijini. Nilikuwa na cheti changu, baiskeli yangu, na tabia ambayo sijaiacha hadi leo: mtu akinieleza jambo, humwuliza amelijuaje. Wanafunzi waliniita Mwalimu Umejuaje. Walidhani silijui jina hilo.

Mwaka wangu wa pili pale, chifu alitangaza kwamba serikali ingependa kuona jiwe la ukumbusho mbele ya shule, lenye majina ya wanaume wa kijiji waliokufa katika vita vya Mfalme, wengi wao Burma. Walikuwa tisa. Kijiji kile hakikuwa na nyumba mia, na wanaume tisa walikuwa pengo kubwa. Chifu naye hakuwa mwenyeji. Aliletwa na serikali pamoja na askari wake, akapewa nyumba ya mabati karibu na lango. Aliunda kamati ya watu sita: yeye mwenyewe, mhubiri wa kanisa, wazee watatu wenyeji, na mimi nikiwa karani.

Tulikutana ofisini mwangu. Chifu aliweka mezani orodha iliyopigwa chapa huko bomani: majina tisa, kila moja likiwa na jina la mtu na jina la baba yake, pamoja na mwaka wa kufa. Niliisoma kwa sauti. Nilipofika jina la sita, mzee mmoja, aliyekuwa na masikio yaliyotobolewa kwa desturi ya zamani, alianza kukohoa. Alikohoa hadi nikasimama.

"Endelea," alisema. "Ni vumbi la chaki yako."

Nilipomaliza, mzee yuleyule aliuliza, "Mwalimu, hakuna njia ya kuandika baba zao tu? Mwana wa fulani, mwana wa fulani. Ndivyo sisi tunavyoitana."

"Mzee, ukiwa na wana wanne," nilimjibu, "msomaji atajuaje ni yupi aliyekufa?"

"Mama yake atajua."

"Jiwe haliandikwi kwa ajili ya mama. Linaandikwa kwa ajili ya watakaokuja."

Chifu alicheka, akapiga meza kwa kiganja. "Mmesikia? Ndiyo maana tunawasomesha watu. Wazee wanataka jiwe la mafumbo!" Wazee wale watatu waliinamisha vichwa. Mhubiri wa kanisa alitazama dirishani. Niliyaona hayo yote, nikaandika katika kumbukumbu za mkutano: *Orodha imekubaliwa bila pingamizi.*

Orodha nikaipeleka mwenyewe Thika, kwa fundi wa mawe, Singasinga mmoja mwenye karakana nyuma ya reli. Alinionyesha jiwe la kijivu lililotoka machimbo ya huko huko, refu kama mlango, akaahidi kulimaliza kabla ya kufungwa kwa shule.

Wiki moja baadaye mama wa jina la sita alikuja shuleni. Alikuwa mama mzima wa miaka kama sitini, mfupi, mwenye mgongo ulionyooka ingawa alikuwa amebeba kuni. Nilimfahamu kwa sababu mjukuu wake alikuwa darasa la kwanza na bibi huyo ndiye aliyemleta kumwandikisha. Aliutua mzigo nje ya mlango, akaingia, akakataa kiti.

"Mwalimu, nimesikia umeyapeleka majina kwa Mhindi."

"Ndiyo, mama."

"Na la mwanangu limo."

"Limo. Pole sana, mama."

"Litoe."

Nilidhani sikumsikia vizuri. Nikamwambia kwamba kuandikwa pale ni heshima.

"Atiriri, mwalimu, nisikilize. Mtu aliye hai haandikwi pamoja na wafu. Ukimwandika unamwita aende. Mimi nimeshazika mmoja bila kumwona. Unataka kunipa maiti ya pili?"

"Mama, serikali ilikuletea barua wakati wa vita?"

"Ililetwa."

"Ilisema ni nani aliyekufa?"

Alitazama mlango, kisha akatazama ukuta wa upande wa nyumba ya chifu, kana kwamba ukuta ule ulikuwa wa kitambaa.

"Ilisema jina hilo," alijibu hatimaye. "Lakini anayelala huko siye."

"Umejuaje?"

"Nimejuaje! Mimi ndiye niliyewazaa."

"Una karatasi yoyote inayoonyesha hivyo?"

Alinitazama kwa muda mrefu. Sitausahau mtazamo ule, kwa maana haukuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayepima kina cha mto kabla ya kuvuka, akaona hawezi kuvuka. Alitoka, akajitwisha kuni zake, akaenda. Mimi nilirudi kusahihisha hesabu za darasa la nne. Nilikwisha kusikia habari za akina mama waliokataa kuamini barua za vita, waliowawekea wana wao chakula mwaka hata mwaka. Nilimweka katika kundi hilo, nikamhurumia, na huruma ile ilinipendeza.

Hata hivyo sikutulia. Siku zilizofuata nilijikuta nikitembea ofisini wakati wa mapumziko, nikihamisha vitabu kutoka rafu hii hadi ile. Neno lililonisumbua lilikuwa "siye". Mama anayekataa kifo husema mwanangu hajafa. Huyu hakusema hivyo. Alikiri kuwa amefiwa. Alikataa tu ni nani.

Mwisho wa muhula nilikuwa na desturi ya kunakili upya rejista ya shule kwa wino, kwa sababu ile ya kila siku ilichafuka kwa vidole na mvua. Nilifika darasa la kwanza. Jina la mjukuu wa mama yule lilikuwa pale, kwa mwandiko wangu, na kando yake alama ya kuuliza niliyoitia kwa penseli siku ya kumwandikisha. Niliikumbuka siku hiyo. Nilimwuliza bibi yake jina la mtoto, akanitajia. Nikamwuliza jina la baba, akanitajia jina lile lile. Nikamwambia, kwa ukali kidogo, kwamba nataka la mtoto kwanza kisha la baba. Akasema, "Andika hivyo hivyo, mwalimu, yote mawili." Nikaandika, nikatia alama ya kuuliza.

Kalamu niliiweka chini.

Mimi ni Mkikuyu, nilizaliwa katika desturi hizi kabla ya kuzaliwa katika vitabu. Kwetu mtoto hapewi jina kwa kupendeza. Mwana wa kwanza ni babu yake mzaa baba. Wa pili ni babu yake mzaa mama. Wa tatu na wanaofuata ni ndugu za baba, mmoja mmoja. Mwanamume hampi mwanawe jina lake mwenyewe. Sijawahi kuliona jambo hilo, wala baba yangu hakuliona. Mtoto yule alikuwa mwana wa tatu. Wakubwa wake wawili walikuwa katika rejista hiyo hiyo, nao walibeba majina ya babu zao kama ipasavyo. Kwa hiyo wa tatu alikuwa na jina la ndugu ya baba yake. Na ikiwa hilo ndilo jina la ndugu, basi baba anayelitumia, kule Ruiru alikofanya kazi katika shamba la kahawa, alikuwa akitumia jina lisilo lake; lake lilikuwa lile la sita.

Nilikaa na rejista ile mpaka kengele ikapigwa na mtu mwingine. Huu haukuwa uvumi. Ilikuwa karatasi yangu, kwa mkono wangu.

Nilirudi ukurasa baada ya ukurasa nikiwa na orodha ya boma kando. Majina manane mengine ya orodha niliyakuta yote katika madarasa ya chini, yakikimbizana uwanjani wakati huo huo kwa kelele. La sita peke yake halikuwapo. Hakuna aliyempa mtoto jina la mtu yule, kwa sababu kila mtu kijijini alijua kwamba yu hai na ana wanawe mwenyewe.

Kila mtu. Wazee wa kamati walijua. Mhubiri alijua. Wasiojua tulikuwa wawili tu, chifu na mimi, wageni wawili, nasi ndio tuliokuwa na orodha.

Wakati ule mtu hakutoka kijijini bila pasi. Nilimwomba chifu pasi ya kwenda Ruiru kununua chaki. Chaki ilikuwepo maboksi mawili. Ulikuwa uongo wangu wa kwanza kwa mkubwa wangu, na nilishangaa jinsi ulivyotoka kwa urahisi.

Nilimkuta mtu wangu kwenye meza za kuanikia kahawa, akizigeuza buni kwa reki ya mbao, mtu mrefu mwenye koti kuukuu la mvua. Nilisimama nyuma yake nikamwita kwa jina la sita, lile la orodha. Hakugeuka. Alikuwa amejifunza kwa miaka kumi na zaidi kutogeuka. Lakini reki ilisimama.

"Huyo alikufa Burma," alisema akiwa amenipa kisogo. "Barua ipo nyumbani."

"Mimi ni mwalimu wa watoto wako."

"Najua wewe ni nani. Wananiambia unawachapa wakisema 'nimesikia'."

"Mwanao wa tatu anaitwa nani?"

Aligeuka sasa. Alinitazama, akatazama kama kuna askari nyuma yangu.

"Ningemwita nani mwingine, mwalimu?" alisema.

Tulikaa nyuma ya kiwanda, kwenye maganda ya kahawa yanayonuka kama pombe, akanisimulia kwa maneno machache. Wakati wa vita, watu wa chifu wa zamani walikuja na orodha ya vijana wanaotakiwa jeshini. Jina lake lilikuwamo. Alikuwa ameoa karibuni na mke wake alikuwa na mimba ya kwanza. Mdogo wake hakuwa na mke.

"Muru wa maitu, mwana wa mama yangu, alikitoa kipande changu, kitambulisho changu, shingoni akakivaa yeye. Nikamkataza. Akanicheka. Akasema, 'Wewe una watu wawili wa kuwalisha, mimi nina tumbo langu tu, nalo serikali italijaza.' Kisha akakaa kwenye kigoda changu, akanyoosha mikono. Akasema, 'Sasa mimi ndiye mkubwa. Haya, mdogo wangu, niletee maji ninawe.'"

"Ukampelekea?"

"Nikampelekea. Mama akacheka mpaka akalia. Kesho yake akaenda."

Yeye aliyebaki alikimbilia shambani Ruiru akajiita kwa jina la mdogo wake, na hata vitambulisho vipya vilipotolewa, alipigwa alama ya vidole kwa jina hilo. Barua ilipofika, ilimwua yeye aliyekuwa hai.

"Kwa karatasi, mimi ni maiti," alisema. "Na siku hizi mtu mwenye karatasi ya mwingine anapelekwa wapi, mwalimu? Unajua. Watasema najificha, watasema nimekula kiapo cha watu wa msituni. Ukilifuta jina langu jiweni, chifu atauliza kwa nini. Usipolifuta, mama amesema hatapita mbele ya shule tena, wala wajukuu wake hawatapita. Amesema nikifa kabla yake, ni wewe uliyeniua."

"Na la mdogo wako? Yeye hastahili kuandikwa?"

Aliinama akaokota ganda moja, akalivunja vunja kati ya vidole. "Nitaliandikaje, nami ndiye ninayelivaa?"

Nilirudi kwa baiskeli nikisukumwa na upepo wa mvua. Njia nzima nilikuwa nikiandika barua kichwani na kuzichana. Barua kwa DO, mkuu wa tarafa, nikieleza kosa: ingempeleka mtu kizuizini. Barua kwa fundi, nikilitoa jina la sita peke yake: majina manane yangeuliza habari za la tisa. Kunyamaza: mama yule angelipita jiwe lile, au angelikwepa, kila siku ya maisha yake, mwanawe pekee aliyebaki akiwa amezikwa mchana akiwa hai. Nilikuwa karibu kufika lango la kijiji nilipokumbuka kikohozi cha mzee, na swali lililofuata kikohozi. Nilishuka kwenye baiskeli. Mzee yule hakuwa ameuliza kwa ujinga. Alikuwa amenipa jibu mbele ya chifu, mimi nikamsomesha.

Nilimkuta akichuna ngozi ya mbuzi nyuma ya nyumba yake.

"Mzee, lile neno lako la baba zao."

Hakuinua kichwa. "Umechelewa. Mhindi ameshachonga."

"Akichonga upya, familia nane nyingine zitakubali? Watapoteza majina ya wana wao bure."

"Bure?" Alikifuta kisu kwenye nyasi. "Waliotaka baba zao waandikwe ni wao. Ulidhani nilikisemea kichwa changu? Tulikaa siku mbili kabla ya kuja ofisini kwako, wajane na akina mama wote. Mmoja tu alitusumbua, yule mjane wa huko chini karibu na mto. Alisema, 'Mume wangu ana jina lake, kwa nini alifiche kwa ajili ya mtu aliye hai wa nyumba nyingine?' Akalia, akatutukana, akakubali." Kisha akaongeza, akinitazama kwa mara ya kwanza, "Tukakuletea wewe. Na wewe ukatuuliza habari za watakaokuja."

Sikuomba msamaha, sikuwa nimejifunza bado.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda Thika, kwa pasi niliyoiomba ili kulikagua jiwe. Jiwe lilikuwa limesimamishwa, limekwisha, majina tisa yakiwa yamechongwa kwa herufi nzuri mno. Nilimwambia fundi kwamba yafutwe, na ya baba zao yachongwe mahali pake.

"Mwalimu," alisema, akiushika mkono wangu kama daktari, "jiwe hapana daftari. Hapana futa na mpira."

"Inawezekana au haiwezekani?"

"Wezekana. Mimi takata uso mzima, chini, hivi." Alinionyesha unene wa kidole. "Jiwe takuwa nyembamba kidogo. Lakini nani nakosea? Mimi naandika sawa na karatasi yako. Herufi moja moja."

"Nimekosea mimi."

"Majina yote tisa?" Alicheka, ndevu zikatikisika. "Mwalimu gani wewe? Hii watoto ya wewe nafundishwa nini?"

Nilimwachia baiskeli yangu kwa kazi ile ya pili. Hakuitaka, akaikubali, na mimi nikarudi kijijini kwa miguu na nakala ya karatasi moja mfukoni: fundi alinitaka nitie sahihi kwamba kosa lilikuwa langu. Nilitia.

Jiwe lililetwa likiwa limefunikwa turubai. Chifu hakulifunua, alitaka Bwana DO awe wa kwanza. Siku ya sherehe kijiji kizima kilikusanywa mbele ya shule. Askari walisimama pande zote mbili. Chifu alikuwa na orodha yake ya boma mkononi, na mimi, kwa kuwa karani, nilipewa kazi ya kusoma kutoka jiweni baada ya turubai kuondolewa.

DO aliondoa turubai. Nikasoma.

"Mwana wa..." nikataja jina la baba wa kwanza. Nikaendelea na wa pili. Chifu alitazama orodha, akatazama jiwe, akanitazama mimi. Nilipofika wa sita nilisikia sauti yangu ikitetemeka, nikaogopa kwamba mtetemo ule ungelieleza kila kitu. Hivyo nikausoma wa saba kwa sauti ile ile ya kutetemeka, na wa nane, na wa tisa, ili wote wawe sawa. Watu hawakupiga makofi. Waliitikia kwa mguno mmoja mzito, kama watu wanaonyanyua kitu pamoja.

DO aliniuliza kwa Kiingereza mbona hakuna majina ya askari wenyewe. Nilimjibu kwamba ni desturi ya watu wa pale kumwita mtu kwa baba yake wanapotaka kumheshimu. Alisema ni jambo la kuvutia, akaandika katika kijitabu chake. Maneno yangu yalikuwa kweli kila moja, na yalikuwa uongo yote kwa jumla.

Chifu aliningoja ofisini.

"Nani alikuruhusu kuibadili orodha ya serikali?"

"Hakuna. Nilimpa fundi karatasi isiyo sahihi."

"Isiyo sahihi! Wewe? Mwalimu Umejuaje?" Alikuwa akilijua jina lile pia. Alinizunguka kama mtu anayenunua ng'ombe. "Kuna kitu hapa. Kuna mtu amekushika."

"Ulikuwa uzembe wangu, chifu."

"Basi andika hivyo."

Aliweka karatasi mbele yangu, nami nikaandika, kwa mwandiko wangu bora, kwamba kwa uzembe na haraka nilikabidhi orodha isiyokamilika, na kwamba hakuna mtu mwingine aliyeshiriki. Nikatia sahihi. Alitaka sana kupata zaidi. Aliwaita wazee mmoja mmoja, akamwita mhubiri. Wote walimwambia kwamba mwalimu ni kijana msomi lakini si mwangalifu. Mzee wa masikio alimwambia, "Tulimwonya, chifu. Wewe mwenyewe ulisikia. Alikataa ushauri wetu, kisha akaufanya kwa makosa." Nasikitika kusema kwamba hilo niliambiwa na mzee mwenyewe, huku akicheka hadi akakohoa, na safari hii hapakuwa na chaki.

Ukuu wa shule niliokuwa nimeahidiwa ulipewa mwingine. Nilihamishwa, nikaanza tena kama mwalimu wa kawaida upande mwingine wa Thika. Nakala ya maandishi yale ninayo ndani ya sanduku hadi leo. Katika maisha yangu yote nimeandika karatasi nyingi, na hiyo ndiyo pekee ya uongo, nayo ndiyo iliyopigwa mhuri mara tatu.

Wahusika wote sasa wamekwisha kufa. Sikuambiwa, nilikwenda nikaona makaburi yao. Yule wa Ruiru alikufa mzee sana, miaka mingi baada ya mama yake, na msalabani pake kumeandikwa jina lake halisi alilozaliwa nalo. Nilisimama hapo nikaona kwamba ninatembea huku na huku, kama ofisini siku zile, mpaka mjukuu mmoja akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Asubuhi niliyoondoka kijijini, nikiwa na sanduku langu begani, nilimkuta mama yule mbele ya shule. Kuni alikuwa amezitua kando ya jiwe. Hakujua kusoma. Alikuwa akipitisha kiganja juu ya mistari, juu hadi chini.

"Mwalimu, wangu ni upi?"

Nilikishika kidole chake nikakiweka juu ya mstari wa sita. Alikipitisha kutoka mwanzo hadi mwisho, polepole. Jina la mumewe lilikuwa la herufi chache kuliko ya baba wote wa jiwe lile.

"Ni mfupi," alisema.

"Ndiyo, mama. Ni mfupi."

"Mdogo naye alikuwa mfupi," alisema. "Yule mwingine ndiye mrefu." Akacheka kidogo, akajitwisha kuni zake, nami nikamsaidia kuukaza mkanda kwenye paji la uso.